Gia Ndogo ya Pampu ya Oili

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi haizeeki. Siku kaka yangu Gaudensi alipofungua boksi la kwanza sebuleni kwa mama, wiki moja baada ya arobaini ya baba, harufu ilitoka kabla vyuma havijaonekana, nami nikashika ukuta. Mama akadhani ni uchungu wa msiba. "Lia tu, Resti," akaniambia. "Hata mimi nilishindwa kuingia stoo." Nikaona afadhali adhani hivyo. Lakini haukuwa uchungu. Ulikuwa woga, tena woga uleule wa mtoto wa darasa la tatu anayesikia hatua za baba yake mlangoni.

Mle kwenye maboksi mlikuwa na injini ya landrova. Si injini nzima, bali vipande, kila kimoja kimepakwa grisi, kikafungwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu, kisha gazeti. Ilifunguliwa nikiwa mdogo, na aliyeifungua ameingia kaburini bila kuifunga. Bodi lake liko nyuma ya nyumba mpaka leo, limeota majani hadi kwenye siti, na kuku wa mama wanatagia mle.

Gaudensi alikuwa amepata mteja, mtu wa Dar es Salaam anayekusanya magari ya kale. Alitumiwa picha kwenye simu, akapiga kelele utadhani kaona dhahabu. Sharti lake moja tu: injini iwe kamili. Mama naye hakutaka kusikia habari za kuuza. Alitaka ifungwe, irudishwe kwenye gari, gari litembee.

"Litembee liende wapi, mama?" Gaudensi akacheka. "Chuma hiki ni cha kuangalia tu siku hizi."

"Baba yenu hakukitunza kwa ajili ya mtu wa Dar."

"Hakukitunza kwa ajili ya kuku pia."

Wakabishana hivyo huku mimi nimekaa kimya. Mimi, mwalimu, ambaye shuleni wananiita redio! Gaudensi alikuwa ameshika daftari la baba lenye orodha ya vipande vyote, vimepewa namba kwa penseli kwa mwandiko wake wa herufi zilizolala. Akawa anahakiki kimoja kimoja. Alipofika kipande cha thelathini na moja akasimama. Baba alikuwa amekizungushia duara, na pembeni ameandika: *Gia ndogo ya pampu ya oili. Anayo mtani.*

"Yule mzee wa Madaba!" Gaudensi akafunga daftari kwa kishindo. "Miaka yote hii! Wiki ijayo nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji chake. Aitoe mbele ya watu. Baba alimwonea aibu, mimi simwonei."

Gia ile haikuwa Madaba. Ilikuwa nyumbani kwangu Mjimwema, kabatini, ndani ya kopo la vifungo. Nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu. Nimekwenda nayo bweni, nimekwenda nayo chuo cha ualimu, na siku ya harusi yangu ilikuwa chini ya sanduku, imeviringishwa kwenye soksi. Na sasa mzee wa watu alikuwa anakwenda kuitwa mwizi kwa mara ya pili, na mara hii mbele ya kijiji chake.

Rika langu mtakumbuka jinsi gari lilivyokuwa kitu cha kusimuliwa. Mtaa mzima ulikuwa na magari mawili, na moja lilikuwa hili la baba, ambalo halitembei. Alilinunua likiwa limekufa, kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Baba alikuwa fundi wa gereji mjini. Akilinganisha fedha aliyotoa na maneno aliyoambiwa na ndugu zake, alikuwa anasema maneno ndiyo yaliyomgharimu zaidi. Hakujali. Alilisukuma na vijana mpaka nyuma ya nyumba, akaishusha injini kwa mnyororo, akaiingiza ndani, na sebule yetu ikafa siku hiyohiyo.

Alitandika magunia ukuta hadi ukuta. Kila alichofungua alikiosha kwa mafuta ya taa kwenye beseni, akakifuta, akakilaza kwa mpangilio aliokifungulia, kutoka kushoto kwenda kulia. Bolti alizichomeka kwenye kipande cha boksi alichokichora umbo la injini, kila moja kwenye tundu lake. Sisi watoto tulipita pembeni tukiwa tumebana migongo ukutani. "Hii ni kama rozari," alitufundisha. "Ukiruka punje moja, sala yote imeharibika." Mwezi wa saba, baridi la Songea likikaza, tulikula ugali na maharage chumbani kwao, juu ya kitanda, kwa sababu injini ndiyo iliyokuwa imekaa mahali pa meza.

Na alikuwa anajua. Hata ukisogeza msumari upana wa kucha, alijua. Aliingia jioni kutoka kazini, miwani yake iliyofungwa uzi ikining'inia kifuani, bega la kushoto likiwa chini kidogo kuliko la kulia, mikono nyuma. Alikohoa mara mbili. Kisha alipita taratibu kando ya magunia, akiinama, akisimama, na ndipo lilipokuja lile swali lake:

"Nani kagusa?"

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, akasubiri. Jamani, kusubiri kwake kulikuwa kubaya kuliko fimbo.

Aliyeruhusiwa kugusa alikuwa mmoja, Yeremia, fundi mwenzake wa gereji, Mbena wa Madaba aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba Mngoni, yeye Mbena, na mnajua wenyewe watu hao wakikutana panakuwaje. Babu zao walipigana, wajukuu wakarithi kutukanana bila kukasirika. Yeremia akifika mlangoni alikuwa haombi karibu, alianza na salamu ya kwao.

"Kamwene, wewe mtumwa wa babu yangu!"

"Ingia, mla viazi. Pombe yenu ya ulanzi imekuachia leo?"

"Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka akadondosha mkuki. Tunao mpaka leo, mama anasongea nao ugali."

Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Yeremia alikuwa na kipaji cha kuiga watu, na aliyemweza kuliko wote ni baba. Alishusha bega, akaweka mikono nyuma, akakohoa mara mbili, akasema, "Nani kagusa?" na sisi tukagaagaa chini. "Siku ukifa, Mngoni," alimwambia, "nitavaa ovaroli lako niingie nalo hapa. Hawa watoto watacheka mpaka wasahau kulia." Baba akajibu, "Wewe ndiye utakayetangulia, na mimi nitavaa hicho kikofia chako cha kubebea mayai." Ndivyo ilivyo kwa watani: kumcheza marehemu ni deni la mwisho, na asiyekulipa hilo hakukupenda.

Sasa nije kwenye kosa langu. Jumapili moja baada ya misa, wawili hao walikuwa wamekaa na vyuma vyao, mama anachambua mchicha mlangoni. Pampu ya oili ilikuwa imefunguliwa mbele yao. Baba alikuwa akinieleza kwamba hiyo ndiyo moyo wa injini. Isipozunguka, oili haipandi, na injini yote inajisaga yenyewe. Akanipa gia ndogo niishike. Ilikuwa nzito kuliko ukubwa wake, baridi, yenye meno pande zote. Nilipoibana kiganjani, meno yake yalibaki kwenye ngozi yangu kama mhuri. Nikaipenda.

Ndipo baba akasema, akitazama nje: "Siku injini hii ikiwaka, hamnioni hapa. Siku hiyohiyo naondoka."

"Nenda tu," Yeremia akajibu. "Mji wako nitabaki nao mimi."

Mama akacheka. Baba akacheka. Mimi moyo ukanidondoka.

Mnisamehe, lakini jaribuni kuwa mimi. Dawati moja nami alikaa msichana ambaye baba yake alikwenda kutafuta mawe ya thamani Tunduru. Aliondoka asubuhi kwenye lori, akaahidi viatu, na hakurudi, wala salamu. Mwenzangu huyo alikuwa anahesabu malori barabarani. Kwa hiyo mimi nilikuwa najua akina baba wanavyoondoka: wanaondoka kwa gari, na wanaondoka wanacheka. Kumbe na wa kwangu alikuwa anajitengenezea gari la kuondokea, tena sebuleni, mbele ya macho yetu, na mama anacheka! Kuuliza je? Enzi zetu mtoto alimuuliza nani? Ungeambiwa umetega sikio kwenye mazungumzo ya wakubwa, ukachapwa kwanza.

Jumatatu asubuhi, baba alipokwisha kwenda kazini, niliichukua gia ile. Niliifunga kwenye pindo la sketi ya shule. Nilifikiri nimetoa kipande cha moyo, basi gari halitaamka, na baba atabaki. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu.

Jioni alikohoa mara mbili. Akapita kando ya magunia. Akasimama.

"Nani kagusa?"

Gaudensi akaapa. Baba akaniangalia mimi. "Sijagusa, baba," nikasema, na nikamtazama machoni. Najishangaa mpaka leo. Mtoto niliyekuwa nalia nikiona kuku anachinjwa, siku ile macho yangu yalikuwa makavu.

Tulitafuta chini ya vitanda, kwenye beseni, kwenye majivu. Baba alikuwa ameanza kubadilika sura ndipo Yeremia alipoingia, akatukuta tumeinama wote kama watu wanaopalilia.

"Mmepoteza nini, ninyi?" Baba akamwambia. "Gia ya pampu? Aa, hiyo nimeichukua mimi. Nimeitia kwenye viazi, mchuzi ulikuwa hauna chumvi."

Baba akapumua. Akacheka kwa sauti. "Mbena mwizi wewe! Utairudisha mwenyewe."

"Nikamate kwanza."

Basi likaisha hivyo. Na hapo ndipo nilipoelewa vibaya kwa mara ya pili. Nilidhani Yeremia aliniona asubuhi nikitoka, na amejitwika kosa langu makusudi ili nisichapwe. Nilimpenda mtu yule siku ile, we acha tu. Nilimpelekea maji ya kunawa bila kutumwa. Nilingoja anikonyeze. Hakunikonyeza, nami nikasema moyoni, mtu mzima huyu anajua kutunza siri.

Wiki zikapita, na kila alipofika baba alimuuliza gia iko wapi, naye alikuwa na jibu jipya. Ameipeleka Njombe ikapate baridi. Ameichumbia, anasubiri mahari. Baba alicheka kila mara, kwa sababu mtani akikuchukulia kitu hukasiriki. Unasubiri achoke kutania. Alikuwa na hakika kwamba siku ya kufunga injini ataikuta dirishani.

Siku hiyo ikafika. Vyuma vyote vilikuwa vinang'aa. "Haya, mtani," baba akasema, akinyoosha mkono. "Utani umekwisha, lete."

"Nilete nini?"

"Gia, bwana."

Yeremia akacheka, kisha akamtazama, kisha akaacha kucheka. "Kumbe hukuipata? Mimi nilikuwa nakutania tu! Nilijua mmeiokota jioni ileile, na ulipokuwa unauliza nikadhani unaendeleza utani."

"Ulisema umeichukua."

"Nilisema nimeipikia viazi! Nani anapikia viazi gia?"

Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai yake mkononi. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuniona, hakujua kitu, na hakukuwa na siri yoyote kati yetu. Nilikuwa na nafasi ya kusema palepale. Mama akaniambia nikiweke kikombe chini nisijiunguze, nami nikakiweka chini nikatoka.

Baba hakugombana naye siku ile. Aliagiza gia nyingine kwa dereva wa lori la Dar es Salaam. Ilikuja baada ya miezi, na haikuwa saizi yake. Akaagiza tena. Na alipokuwa anasubiri hiyo ya pili, ikaja habari kutoka Namasakata, huko Tunduru, kwamba bibi, mama yake baba, amefariki.

Bibi alikuwa akiishi huko kwa shangazi. Miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kukaa kwenye basi wala lori kwa barabara ile ya enzi zile. Baba alikuwa amemwahidi kumlaza kwenye godoro nyuma ya landrova, amlete Peramiho atibiwe, kisha akae nasi. Ndiyo maana ya "siku hiyohiyo naondoka." Hayo niliyajua msibani, baba akimwambia mjomba wake huku ameshika kichwa: "Gari lile lilikuwa la mama. Nilikuwa namtengenezea mama."

Sikula siku tatu. Watu walisema, mtoto huyu alimpenda bibi yake.

Tuliporudi Songea, Yeremia alikuja kufanya yake kama mtani. Alikuja amejifunga kitenge kichwani, anachechemea kama bibi, anaulizia ugoro wake. Baba alimzuia mlangoni. Alisema polepole, na kila mtu alisikia: "Leo usinitanie. Wewe na mimi, utani umekwisha."

Kwetu sisi ungempiga mtu panga ingekuwa nafuu. Adui unapatana naye, lakini mtani uliyemkataa, nani atakupatanisha naye? Yeremia alivua kile kitenge kichwani, akakikunja vizuri, akampa mama. Mwezi haukuisha, akaacha kazi gereji, akarudi kwao Madaba. Na baba akafunga injini yake kwenye maboksi.

Kuna siku nilijaribu kusema. Nilipokuwa najiandaa kwa kitubio cha kwanza nilimwambia padri kwamba nilichukua kitu cha baba. Padri akaniambia nikirudishe, na nisali Salamu Maria tatu. Nikasali kumi. Kurudisha sikurudisha. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo kinywa kilivyozidi kuwa kizito, kwa sababu mwanzoni ningekiri gia tu, baadaye ningekiri gia na bibi, baadaye tena gia na bibi na Yeremia. Nimewaadhibu watoto wa watu kwa kuiba kalamu. Nimesimama mbele ya darasa nikasema, "Aliyechukua ajitokeze, hakuna atakayemfanya kitu," huku nafsi yangu inaniuliza, wewe mbona hujajitokeza?

Baba alipofariki, watani walikuja kwa wingi. Wahehe, Wabena, wakazuia jeneza njiani, wakalala kaburini wakidai kwanza walipwe mbuzi. Watu walicheka na machozi yanawatoka, kama inavyotakiwa. Yeremia naye alikuja. Nilimwona amesimama peke yake kwenye uzio, mzee sasa, kofia mikononi. Hakuiga mtu. Hakusema hata neno moja. Alitupa udongo wake mkono mmoja, akaondoka kabla ya chakula. Nikasikia wanawake nyuma yangu wakinong'ona, "Mtani gani huyo, anazika kama mgeni?" Nilitamani kaburi lile liwe langu.

Kwa hiyo Gaudensi alipotaja mwenyekiti wa kijiji, nilirudi nyumbani, nikamwaga kopo lote la vifungo kitandani, na kesho yake asubuhi nilikuwa Madaba.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama usoni. "Wewe ni wa yule Mngoni. Una paji lake. Karibu, ukae."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za mashamba. Nilifungua mkoba, nikaiweka gia kwenye kiganja chake, juu ya punje za mahindi. Hakuuliza ni nini. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye meno yake, fundi ni fundi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama hivyohivyo, sketi, lori, bibi, kikombe cha chai. Niliongea kama ninayetapika.

Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja. "Baba yako alijua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo amekufa anajua ni mimi."

"Ndiyo, mzee."

Kuku walikuja wakala punje miguuni pake, hakuwafukuza. Macho yake yakajaa maji, akayaacha yatoke bila kuyafuta, na mimi nilisimama pale nikimtazama mzee wa umri ule akilia kwa ajili ya kitu nilichokifanya nikiwa na meno ya utoto. Nilipiga magoti. "Nisamehe" ilionekana ndogo, lakini niliisema, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo.

"Nimekuwa mwizi miaka yote," alisema mwishowe, "bila mali ya wizi." Akaitumbukiza gia kwenye mfuko wa koti lake, akaupigapiga mfuko. "Haya. Sasa ndiyo nimeiba. Nenda kawaambie Mbena anakuja Jumamosi kuifunga injini, na kipande atakuja nacho."

"Nitawaambia ukweli, mzee."

"Ukweli utausema nikiwepo. Mimi nilisingiziwa nikiwa nimesimama, sitaki kusafishwa nikiwa sipo."

Nilifikisha ujumbe kama ulivyo. Gaudensi akapiga kofi pajani. "Si nilisema! Anacho!" Mama yeye hakusema habari za wizi. Alisema, "Basi haiuzwi. Mwambie mtu wako wa Dar atafute nyingine. Yeremia akiifunga, mtanipeleka Namasakata kwenye kaburi la mama mkwe wangu kwa gari lake." Gaudensi alibisha siku mbili, siku ya tatu akampigia mteja wake simu. Na mimi siku zote hizo nikawa namwacha kaka yangu amwite mzee mwizi, nikijiambia Jumamosi, Jumamosi. Woga hauna aibu.

Jumamosi Gaudensi alitandika magunia sebuleni, akavilaza vipande vyote kwa kufuata daftari, kushoto kwenda kulia. Kati ya cha thelathini na cha thelathini na mbili akaacha nafasi tupu. Mzee Yeremia alipofika, Gaudensi alimtupia shikamoo kama anayetema mbegu. Mzee akaitikia, akamgeukia mama.

"Mama Gaudensi, nguo yake ya kazi ipo?"

Mama alimwelewa palepale. Akaingia chumbani, akatoka na lile ovaroli la bluu lenye madoa yasiyotoka, miwani ya baba ikiwa bado mfukoni, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mzee akaingia nalo ndani.

Alipotoka, bega la kushoto lilikuwa chini. Mikono nyuma. Miwani imefungwa uzi, inaning'inia kifuani. Akasimama mlangoni, akakohoa mara mbili.

"Yesu na Maria!" mama akapiga kelele. "Huyu hapa! Huyu hapa amerudi!" Akacheka akiwa ameshika mdomo kwa kanga, machozi yanamtiririka. Majirani waliokuja kuchungulia wakaangua kicheko. Hata Gaudensi, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mzee akapita taratibu kando ya magunia, akiinama, akisimama, akinusa. Akafika kwenye nafasi tupu. Akavaa miwani. Akainua kichwa.

"Nani kagusa?"

Kicheko kikazidi. Lakini yeye alikuwa hacheki. Alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa anasubiri, kusubiri kulekule.

"Ni mimi, baba," nikasema.

Wakaendelea kucheka, wakidhani nimeingia kwenye mchezo.

"Ni mimi, mama. Niliichukua nikiwa darasa la tatu. Nilidhani gari likiwaka baba atatuacha. Mzee Yeremia hakuchukua kitu. Hajawahi kuchukua kitu."

Kicheko kilikatika. Mama alikaa chini pale alipokuwa. Gaudensi alilitazama daftari mkononi mwake, akanitazama mimi, akalitazama tena daftari. Hakuna aliyenifariji, na sikustahili.

Mzee akatia mkono mfukoni, akaitoa gia, akaiweka kiganjani mwangu na kunifumba vidole juu yake. Alipozungumza ilikuwa bado ni sauti ya baba.

"Haya. Irudishe ulipoitoa."

Nilipiga magoti kwenye gunia nikairudisha. Nilipofumbua mkono, meno yake yalikuwa yamebaki kwenye kiganja changu.